Hati ya Njia ya Mzee Wu

"Mungu wa mji huu ni nani?"

Nyanya Wu aliniuliza swali hilo Jumamosi moja asubuhi, katika nyumba yake ya orofa ya tatu mtaani Columbia Heights, Washington, nikiwa nimeshika kisu na nusu ya kitunguu. Nilidhani anauliza habari za meya, nikamtajia meya. Akatikisa kichwa. Nikamwambia mji huu una makanisa na misikiti na masinagogi, kila nyumba na Mungu wake, au Mungu mmoja mwenye nyumba nyingi, inategemea unamuuliza nani.

"Siyo wa watu wote," akasema. "Wa mji. Anayeandika nani amehamia na nani amekufa."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwezi Mei na shahada ya falsafa, na jambo pekee nililojua kwa hakika ni kwamba kila jibu lina shimo mahali fulani. Siku za kazi nilijibu simu katika ofisi ya daktari wa meno. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mhudumu wa wazee, na mzee wangu alikuwa huyu, mwanamke wa miaka themanini na moja aliyetembea kwa kigari cha kujishikilia na kuniita binti anayeuliza-uliza.

Sasa naye alikuwa ameuliza. Na nilijua swali lilitoka wapi: lilitoka mlangoni.

Mumewe, Mzee Wu, alifariki miaka mitatu kabla ya hapo katika hospitali moja ya mjini, akazikwa kwenye makaburi ya Maryland. Tangu hapo Nyanya Wu hakuufunga mlango wa nyumba yake. Aliuacha wazi kiasi cha mtu kupita ubavu, mchana na usiku, akiuzuia kwa gunia la mchele la kilo kumi. Wasimamizi wa jengo walishaandika barua mbili za onyo. Henry, mtoto wake wa pekee, mhandisi aliyeishi Woodbridge, alikuwa amemwambia waziwazi kuwa barua ya tatu ikija, yeye atampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiufunga kila nilipoingia. Nikigeuka, gunia limerudi pale pale.

"Kwetu," Nyanya Wu aliniambia siku ile, "mtu akifa, jamaa huenda kwenye hekalu la mungu wa mji kutoa taarifa. Jina linaandikwa. Marehemu anajua sasa ni wa wapi na aende wapi. Hapa tulimwambia nani?"

"Ofisi ya vizazi na vifo," nikasema. "Cheti mnacho."

"Kile ni cha benki."

Basi mzee wa watu alikuwa hajaandikwa popote, alikuwa akizunguka, na mke wake alimwachia mlango wazi ili asipite nyumba yake bila kuijua. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari yangu. Nyanya Wu alitaka mtu apeleke barua kwenye hekalu la mji wao, mkoani Anhui. Yeye moyo wake haukuruhusu ndege. Henry alisema hana imani wala likizo, lakini maili za ndege anazo, alizokusanya katika safari za kazi, na akinipa tiketi huenda mama yake akafunga mlango.

"Unaamini itasaidia?" nilimuuliza.

"Siamini," akasema. "Wewe je?"

"Mimi pia siamini."

"Afadhali," akasema Henry. "Hutakaa huko sana."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa. Miezi ile sikupata usingizi, wala sikuweza kumaliza sinema, kitabu au kikombe cha chai. Nilitaka kwenda mahali ambapo watu wana hakika, niwatazame usoni, nijue wanafanyaje.

Bladensburg, siku ya kuondoka. Niliishi kwa Anti Kalondu, dada ya mamangu, muuguzi aliyenipokea nilipofika Marekani kutoka Ukambani. Alinikuta sebuleni nikifungua na kufunga sanduku langu kwa mara ya nne.

"Unaenda kuinamia sanamu?" akauliza.

"Naenda kupeleka barua, Anti."

"Posta iko hapo Annapolis Road."

"Anayeandikiwa hana sanduku la posta."

"Basi hayupo," akasema Anti, akaniwekea chapati sita kwenye karatasi ya alumini. "Na ukifika huko usile kitu kilichowekwa mbele yake. Hata kama ni ndizi."

Uwanja wa ndege wa Dulles, saa nne asubuhi. Nilikuwa na begi moja, kadi ya kupigia simu, na bahasha ya Nyanya Wu ndani ya pochi iliyofungwa kiunoni. Barua ilikuwa ya Kichina tupu, isipokuwa mistari miwili ya herufi zetu alizoniomba nimwandikie: jina la hospitali aliyofia mumewe, na mahali alipolala. Alinifanya niandike mara tatu kwenye karatasi ya kujaribia ndipo akaniruhusu kugusa ile ya njano. "Usikosee," alisema. "Akitafutwa, atatafutwa hapo ulipoandika."

Nilibadilisha ndege Chicago. Juu ya bahari nilitembea kwenye ujia wa ndege hadi mhudumu akaniuliza kama ninaumwa.

Shanghai nilikaa saa tatu tu, stesheni, kisha treni kwa saa tano. Ilikuwa Oktoba. Nje kulikuwa na mpunga uliovunwa, mabwawa ya bata, na kila baada ya muda kundi la majengo marefu yasiyo na madirisha bado. Mbele yangu mwanamume alikula mbegu za alizeti tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, bila kuharakisha, akipanga maganda kwenye leso. Nilimwonea wivu.

Stesheni ya mji wao, alasiri. Nilimwona Shabani kabla hajaniona, kwa sababu alikuwa ameshika kadibodi iliyoandikwa KARIBU MWENDE kwa kalamu nene. Shabani ni ndugu wa Zainabu, Mtanzania niliyefanya naye kazi ya kuhudumia wazee. Mtu wa Tabora, mwaka wa tano wa udaktari katika chuo cha pale, na Kichina chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba madereva wa teksi waligeuka kumtazama.

"Pole na safari, dada Mwende. Umekula?"

"Nimekula. Hekalu linafungwa saa ngapi?"

"Haya, Wakenya," akasema Shabani. "Hata salamu hujaimaliza."

Alinipeleka kwenye bweni la wasichana wa kigeni. Nililala kidogo.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tulifika. Nilitarajia kimya, na badala yake nilikuta soko: vibanda vya soksi, vifuniko vya simu, na maharagwe ya soya yaliyochachishwa na kukaangwa ambayo harufu yake ilinifuata hadi jioni. Soko lile lote limelizunguka hekalu kama nguo iliyobana. Lango lenyewe lilikuwa la zamani, mbao nyeusi zenye nyufa za kuingiza kidole. Juu yake kilining'inia kihesabio cha shanga za mbao, kikubwa kama kitanda cha mtu mzima.

"Cha kuhesabia matendo yako," akasema Shabani. "Na lile bango juu yake linasema: Na wewe umekuja."

"Alijuaje?"

"Linawaambia wote, dada."

Shabani ni Mwislamu. Alikuwa ameniambia tangu njiani kwamba atatafsiri neno lolote, lakini hatashika udi na hatainama, nami nikamwambia tumeelewana. Tukaingia.

Uani palikuwa na tanuri la matofali la kuchomea karatasi, na wanawake wakiwasha vijiti vya udi vitatu vitatu. Ukumbini alikaa mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha. Niliona mtu wa ofisini. Alivaa joho la afisa na kofia nyeusi yenye mbawa mbili pembeni, ndevu zimechanwa, mikono imeshika kibao cha cheo. Kulia kwake alisimama karani na kitabu. Kushoto, karani mwingine na brashi. Nyuma yao askari wawili, mmoja mweupe mrefu na mmoja mweusi mfupi, kazi yao kuwaleta walioitwa. Nilimtazama muda mrefu nikijaribu kukumbuka nimemwona wapi.

Dirisha la barua lilikuwa upande wa mashariki. Ndani alikaa mtumishi wa hekalu, mwanamume wa makamo, nywele zimefungwa utosini, miwani yake imeshikizwa kwa uzi upande mmoja, chupa ya chai karibu na kiwiko. Sisi tukampa jina la karani. Aliisoma barua ya Nyanya Wu polepole, akiwa anafuata kwa kidole. Alipofika kwenye mistari yangu miwili akasimama.

"Anauliza alifia wapi," akasema Shabani.

"Washington. Imeandikwa hapo."

Karani aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia kwa mikono miwili. Nilielewa kabla Shabani hajafungua kinywa.

"Anasema anampa pole mama. Lakini marehemu siyo wa kwao. Mungu wa mji huu mpaka wake ni mto huu hapa upande mmoja na vile vilima upande wa pili. Mtu aliyefia Washington anaandikwa na mungu wa Washington."

"Mwambie hakuna."

Wakaongea. "Anasema kila mji unaye. Huenda hamjamuuliza jina."

Mwanamke mmoja aliyeuza udi mlangoni alikuwa amesikiliza yote. Akamvuta Shabani kwa mkono wa shati na kumnong'oneza kwa sauti ya watu kumi kusikia. Shabani akacheka.

"Anasema tuandike alifia hapa. Alizaliwa hapa, kwa nini asifie hapa? Nani atajua?"

"Hapana," nikasema.

"Mwende. Wewe huamini. Sasa unaogopa kumdanganya nani?"

Lilikuwa swali zuri, na lilinikera kwa sababu lingekuwa langu. "Simwogopi," nikasema. "Lakini Nyanya ameniambia nisikosee. Nikiandika alifia hapa, kwa hesabu zao atatafutwa hapa, na hayupo. Nyanya hatafunga mlango kwa barua ya uongo. Ataniuliza, nami nitamwambia, unanijua."

"Sikujui," akasema Shabani. "Nimekujua jana."

Saa sita mchana mvua ilianza. Shabani alienda kula. Mimi nililizunguka hekalu kwa nje, kati ya ukuta na vibanda, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa mazoea, na baadaye niliacha kuhesabu. Nilipita kwenye kibanda cha soksi mara nyingi hivi kwamba mwenyewe alianza kuniamkia. Nilikuwa nimekuja nusu ya dunia na nitarudi na bahasha ileile. Barua ya tatu ya wasimamizi ingekuja. Nyanya Wu angepelekwa kwenye chumba chenye mlango ambao haufungwi wala kufunguliwa na yeye.

Ndipo nilipokumbuka yule mtu wa ofisini nilimwona wapi. Nilimwona Kangundo. Alikuwa chifu.

Sisemi sura. Nasema ule ukaaji: mezani na kofia, karani kulia, karani kushoto, askari wawili nyuma, na foleni ya watu wenye karatasi. Nilipokuwa na miaka tisa tulihama kutoka Kangundo kwenda Kibwezi, na chifu wa Kibwezi hakutaka hata kuzungumza na baba kuhusu shamba mpaka aone barua ya chifu wa tulikotoka. Baba alirudi Kangundo kwa siku mbili kuifuata. Barua yenyewe ilikuwa fupi: huyu ninamjua, hana kesi kwangu, mpokee. Mhuri.

Nilimfuata Shabani kwenye mkahawa, nikamtoa mbele ya bakuli lake la tambi, na kumrudisha dirishani.

"Muulize hivi. Mtu akihama kutoka mji kwenda mji, mungu wa kwanza hamwandikii wa pili?"

Shabani alitafsiri. Karani alivua miwani, na kwa mara ya kwanza alinitazama mimi badala ya Shabani.

"Anauliza nani amekufundisha."

"Chifu wa Kangundo."

Sijui Shabani alilitafsirije hilo, lakini karani aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Iko, alisema. Inaitwa hati ya njia. Marehemu anaibeba ili asizuiwe na walinzi wa miji anayopita, na akifika hapa anapokewa kama mtu anayerudi. Lakini yeye hajawahi kuandika ya kutoka ng'ambo ya bahari. Alihitaji kutazama vitabu. Turudi asubuhi.

Jioni ile nilimpigia Nyanya Wu kwa kadi yangu. Kwake palikuwa bado asubuhi.

"Wamekubali?" akauliza.

"Bado. Wanaangalia utaratibu."

"Vizuri," akasema, na sauti yake ilitulia. "Wangekubali haraka ningekuwa na wasiwasi."

Siku ya pili, saa mbili. Karani alikuwa ametandaza karatasi ya njano yenye upana wa gazeti, akasaga wino, na kuanza kuuliza. Jina la marehemu. Siku aliyozaliwa, siku aliyofariki, zote zilikuwa kwenye barua. Mahali alipolala. Kisha akauliza atatokea bandari gani.

"Dulles," nikasema.

"Hawapandi ndege," Shabani akatafsiri bila hata kutabasamu. "Anataka bandari ya maji, iliyo karibu na alipolala."

Nikafikiri. Karibu na nyumba ya Anti, chini ya barabara, kuna bustani ukingoni mwa mto Anacostia, na kwenye bustani kuna bango lisemalo kwamba zamani meli kubwa zilifika hapo kubeba tumbaku. Siku hizi mto umejaa tope na bata wanatembea katikati yake. Nilimweleza yote, na tope pia.

"Anasema tope si kitu. Ilikuwa bandari?"

"Ilikuwa."

"Jina lake."

"Bladensburg."

Ilimchukua herufi sita za Kichina. Alizisoma kwa sauti, nikasikia jina la mtaa ninakonunua maziwa likitoka kama jina la nchi ya mbali.

Akauliza mpeleka hati ni nani. Nikamwambia Mwende, mara mbili polepole, akaandika. Akauliza kwetu ni wapi. Nikaanza kutaja nyumba ya Anti, akapunga brashi: siyo unapolala, kwenu. Nikamwambia S.L.P. ya shule ya msingi, Kibwezi.

"Nyumba namba ngapi?"

"Haina namba."

"Barabara?"

"Haina jina."

"Anauliza barua zinawafikiaje."

"Kwenye sanduku la shule, posta. Mwalimu mkuu akizichukua anampa mtoto yeyote anayepita upande wetu."

Karani alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Alisema, na Shabani alitafsiri akifuta macho yake pia, kwamba miaka yote amewauliza watu anwani, na hajawahi kukutana na ukoo mzima unaoishi ndani ya sanduku. Mimi nilicheka, halafu nikaacha. Kwa karatasi yake ile, Mzee Wu aliyekufa alikuwa na hospitali, safu ya kaburi na bandari. Mimi niliye hai nilikuwa na sanduku la shule ambayo sijaikanyaga kwa miaka minane.

Ikabaki sehemu moja tupu, juu kabisa ya karatasi. Karani aliiwekea kidole.

"Anayemruhusu," akasema Shabani. "Mungu wa mji wa Washington. Lazima aandikwe, hawezi kuacha wazi. Hati bila mtoaji ni karatasi tu."

"Nimeshamwambia sijui. Andika hajulikani."

Karani hakuandika. Alikunywa chai. Aliuliza kitu kirefu, na Shabani akanigeukia. "Anauliza nani huko alimjua mzee. Nani anajua kama mjane wake amekula, kama mlango umefungwa, dawa zimenywewa. Nani anaweka orodha."

"Orodha naweka mimi. Ndiyo kazi. Kila Jumapili najaza fomu." Nikatoa beji yangu ya kazi kwenye pochi, ile ya plastiki yenye picha yangu mbaya na nembo ya kampuni, nikamwonyesha, nikidhani anataka kitambulisho. Karani aliishika kwa ncha za vidole, akauliza maandishi yanasema nini. Shabani akamweleza: mhudumu wa wazee, eneo la Washington.

Karani alirudisha beji. Akauliza tena jina langu. Nilidhani hakulisikia mara ya kwanza, nikalirudia. Akaandika, kwa brashi ya haraka iliyoungana ambayo hata Shabani alisema hawezi kuisoma, huandika hivyo wazee tu. Kisha akayanakili yote mara mbili zaidi kwenye karatasi ileile, akagonga kila nakala mhuri mwekundu, na karatasi ikakatwa vipande vitatu. Cha kwanza kilichomwa pale pale, kwenye tanuri la uani. Cha pili nikakichome bandarini. Cha tatu, kishina, kibaki kwa mjane.

Sikuinama nilipotoka. Lakini nilisimama kidogo mbele ya yule wa kofia, kama mtu anavyosimama mlangoni mwa ofisi alipohudumiwa vizuri, akitafuta namna ya kuaga.

"Umeshaamini?" Shabani akaniuliza langoni.

"Hapana."

"Basi mbona unanong'ona?"

Dulles tena, alasiri. Afisa wa forodha alifungua bahasha. "Hii ni nini?"

"Hati ya kusafiria."

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyekufa. Siyo ya kuingia. Ni ya kutoka."

Alinitazama, akaitazama, akaipitisha mbele ya taa. "Karibu nyumbani," akasema, kama wanavyowaambia wote wenye kadi ya kijani ya ukaazi.

Bladensburg, Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Makaburini moto hauruhusiwi, lakini bustani ya ukingo wa mto ina majiko ya chuma ya kuchomea nyama, na karani alikuwa amesema bandarini. Henry alikuja kutoka Woodbridge na mama yake, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka penye nyasi. Anti Kalondu alikuja na gauni lake la kanisani.

"Sitachoma chochote," alitangaza. "Nimeleta kiberiti tu."

Jiko la pili lilikuwa na familia ya Wasalvador wakichoma kuku, redio juu ya meza. Baba wa familia alimtazama Nyanya Wu aliyevaa nyeusi, akaitazama ile karatasi ya njano magotini pake, akazima redio bila kuulizwa.

Nyanya Wu aliweka karatasi mwenyewe. Henry aliwasha. Njiti mbili zikazimika, na ya tatu Anti akamkingia upepo kwa kiganja. Karatasi ilishika kwenye pembe, ikajikunja, mhuri ukawa wa mwisho kuungua. Nilitazama moshi kwa makini, kwa sababu ndivyo nilivyo. Haukuelekea mtoni. Ulirudi nyuma moja kwa moja kwenye maegesho ya magari.

"Anatafuta gari la Henry," akasema Nyanya Wu. "Hakupenda kutembea." Henry aligeuka upande mwingine. Baadaye moshi ukageuka.

Nilipoangalia, Anti alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikitembea.

Columbia Heights, jioni ileile. Nilimsaidia Nyanya Wu kuvua viatu. Alitembea na kigari chake hadi mlangoni, akalisukuma gunia la mchele kwa mguu mara mbili, likagoma, nikainama kulivuta. Akaufunga mlango. Akazungusha ufunguo. Alisimama kidogo akisikiliza, kisha akaniambia huo mchele sasa tuupike, umekaa sana.

Barua ya tatu haikuja. Usingizi wangu haukurudi wote, na sikuacha kuuliza maswali, wala sijui mpaka leo kama kuna kitu kilipita kwenye tope lile. Nilichojifunza ni kidogo zaidi: kwamba mtu anaweza kuibeba hakika ya mwenzake bila kuwa nayo, mradi asiibadilishe njiani. Mwaka uliofuata niliandika barua ndefu nyumbani, kwa S.L.P. ya shule, nikamwomba baba anichoree ramani ya boma letu. Aliichora. Aliweka hata choo.

Nyanya Wu aliishi miaka mingine saba, mlango ukiwa umefungwa. Henry alipofungua vitu vyake alikuta kile kishina ndani ya kopo la biskuti. Yeye naye hakuweza kuisoma brashi ile, akampelekea mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, kisha akanipigia simu. Alinisomea mstari kwa mstari: Mzee Wu, siku zake, safu ya kaburi, bandari ya Bladensburg, mpeleka hati Mwende wa Kibwezi. Juu kabisa, aliniambia, penye nafasi ya mungu wa mji wa Washington anayemruhusu marehemu kuondoka, karani aliandika Mwende.